Nakuru hadi Ziwani kwa Mashindano: Nissan ya Kukodi, Magari Yenu, Tiketi za Steji au Treni?

Kikundi cha hapa Nakuru kikishaamua kwenda Kisumu kutazama mashindano ya majini, mabishano huanzia kwenye usafiri. Mmoja anamjua mwenye nissan, yaani matatu ndogo. Mwingine ana gari lake na hataki kuliacha nyumbani. Wa tatu anasema kila mtu ajipeleke steji, mkutane Dunga, ufukweni mwa Kisumu. Siku hizi kuna na anayetaja treni. Kila mmoja ana hoja yake, na karibu kila hoja huwa ni ya pesa.

Mimi huanzia kwenye maji. Nikipanga safari hizi kwa ajili ya marafiki, majirani na watoto wao, swali la kwanza ninalouliza waandaaji ni hili: zamu ya kwanza inaingia majini saa ngapi? Nikishajua hilo, nusu ya mabishano huwa imekwisha, kwa sababu usafiri wa bei nafuu unaowafikisha ufukweni baada ya mchezo kuisha ni hasara tupu.

Maji ndiyo yanayopanga saa

Chukua mchezo unaodai maji matulivu kuliko mingine yote: kuteleza majini pekupeku. Mchezaji anavutwa na boti kwa kamba ya mita 23 hivi, hana ubao wala skii, nyayo zake ndizo zinazokanyaga maji. Mchezo huu ulianzia Winter Haven, Florida, nchini Marekani, mwaka 1947, na mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Canberra, Australia, mwaka 1978. Unyayo ni mdogo, kwa hiyo kinachomzuia mtu asizame ni kasi. Wachezaji wana kanuni yao: chukua uzito wako kwa ratili, gawanya kwa 10, ongeza 20, na jibu ni maili kwa saa. Mtu wa kilo 70 anahitaji karibu kilomita 57 kwa saa. Kwa mwendo huo, kiwimbi ambacho mwogeleaji hata hakioni kinamgonga mtelezaji kwenye nyayo kwa nguvu ya kumwangusha. Ndiyo maana wanataka maji bapa kama meza.

Zamu zenyewe ni fupi mno. Katika kukata mawimbi ya boti huku na huku, mchezaji hupewa sekunde 15, mara mbili. Katika mitindo ni vivyo hivyo: sekunde 15, mara mbili. Kuruka hufanywa kutoka kwenye jukwaa lenye kimo cha sentimita 45 tu, lakini Mwingereza David Small aliwahi kuruka mita 29.9 mwaka 2010. Mtu aliyesafiri kutoka Nakuru akafika dakika kumi baada ya zamu ya mchezaji aliyemfuata, hana cha kurudishiwa.

Sasa tazama Ziwa Victoria upande wa Kisumu. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, na hadi asubuhi upepo huwa mwepesi, ukitoka nchi kavu kwenda majini. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka, hewa yake hupaa, na upepo hugeuka: sasa unatoka ziwani, unaingia Ghuba ya Winam na kuja na mawimbi. Alasiri mara nyingi maji huchafuka kweli, na ngurumo jioni. Kwa hiyo kila kinachovutwa na boti au kupigwa kasia, yaani kuteleza, kayaki, mitumbwi, hupendelea asubuhi. Mashua za tanga ni kinyume chake. Zenyewe zinautafuta upepo huo wa mchana.

Hapo ndipo mahali pa kuanzia kuchagua usafiri.

Njia yenyewe

Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kilomita 185 hivi. Mnapita Ngata, Salgaa, Sachangwan, mnafika Mau Summit, mnaingia kushoto kuelekea Londiani na Kericho, kisha Kapsoit, Awasi, Ahero na Kisumu. Kwa gari lisilokimbizwa ni saa tatu na nusu hadi nne, ukihesabu kusimama mara moja. Njia inapanda hadi zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari pale Mau Summit, kisha inashuka hadi ziwani, mita 1,134. Ukungu na baridi mnavikuta juu, joto mnalikuta chini, na breki zinafanya kazi katikati.

Sitazunguka kuhusu hatari. Sachangwan ndipo moto wa lori la mafuta ulipoua watu zaidi ya 100 tarehe 31 Januari 2009. Makutano ya Londiani ndipo lori lilipowaua watu zaidi ya 50 tarehe 30 Juni 2023, wengi wao wakiwa kando ya barabara na shughuli zao. Malori mazito hushuka sehemu hizi usiku kucha. Juu ya hayo, kazi ya kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa Novemba 2025, na penye ujenzi kuna foleni na michepuko ambayo gizani haionekani vizuri.

Hesabu basi: mkitaka kuwa Dunga saa mbili asubuhi, mnatoka Nakuru saa kumi usiku au mapema zaidi, na sehemu mbaya ya barabara mnaipita gizani. Kwa mashindano ya asubuhi mimi husimama upande wa kulala Kisumu. Gharama ya kitanda naiweka ndani ya mchango tangu mwanzo, isionekane kama anasa ya kujadiliwa baadaye.

Vigezo

Nitazitazama njia nne kwa mambo matano: saa ya kufika majini, gharama kwa kila mtu, usalama na karatasi, mizigo na uhuru wa njiani, na safari ya kurudi. Gharama ya mafuta nitaihesabu kwa lita, si kwa shilingi, kwa sababu EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi. Zidisha lita kwa bei ya wiki yenu.

1. Nissan ya kukodi

*Saa ya kufika.* Gari ni lenu kwa siku hiyo, linaondoka mnapotaka. Ila wote mko gari moja, kwa hiyo saa ya kuondoka ni ya yule anayechelewa kuliko wote. Weka mahali pamoja pa kupandia. Ukikubali kuwazungukia watu mlangoni, huyu Section 58, yule Lanet, mwingine Njoro, saa nzima inaishia mjini kabla hamjaiona Ngata.

*Gharama.* Nissan inayokula lita moja kwa kilomita 9 itahitaji kama lita 41 kwenda na kurudi. Ikiwa na abiria 13, ni lita 3 na kidogo kwa kila mtu. Lakini mafuta ni sehemu tu. Kuna hesabu ya siku ambayo mwenye gari angepata mjini, ujira wa dereva, chakula chake, na kitanda chake kama mnalala. Na bei hiyo haipungui watu wakipungua. Waliosema "niko ndani" kwenye kikundi ni 14, waliotuma M-Pesa ni 9, na hao 9 ndio watakaobeba viti vitano vitupu. Gawanyeni gharama kwa waliolipa, mweke siku ya mwisho ya malipo kabla ya kumpa mwenye gari chochote, na anayejitoa baada ya siku hiyo atafute mtu wa kuchukua nafasi yake.

*Usalama na karatasi.* Tangu sheria za mwaka 2004 za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, matatu inatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mikanda kwa kila abiria. Kagueni mikanda kwa mikono yenu siku ya kuliona gari, si asubuhi ya safari. Ombeni kuona leseni ya dereva ya kubeba abiria, bima na cheti cha ukaguzi. Gari linalofanya kazi ruti ya mjini, muulizeni mwenyewe kama ana kibali cha kutoka nje ya ruti. Kukwama kizuizini pale Salgaa mkisubiri simu zipigwe ni njia ya uhakika ya kuyakosa maji ya asubuhi.

Jambo ninalolijali kuliko karatasi ni usingizi wa dereva. Dereva wa nissan ya mjini huamka kabla ya jua na kufunga kazi usiku. Ukimpa safari ya saa kumi usiku baada ya siku kama hiyo, umeweka maisha ya watu 13 mikononi mwa mtu ambaye hajalala. Lipeni na nusu siku ya kabla ya safari ili apumzike, na mseme waziwazi kwamba mnalipia usingizi. Wengi watashangaa, kisha watakubali. Halafu mchague mtu mmoja tu, mwenye sauti na heshima, wa kukaa mbele na kusema, "Dere, punguza hapo." Watu kumi wakipiga kelele kwa pamoja, dereva anakasirika au anawazoea.

*Mizigo na uhuru.* Nissan iliyojaa haina buti ya maana. Mkiwa na jokofu la vinywaji, viti vya kukunja na miavuli, panga watu 11 au 12 muache viti viwili vya mizigo. Uhuru upo wa kutosha: mnasimama Mau Summit kununua mahindi ya kuchoma, mnasimama Kericho kwa chai. Muziki mpatane kabla ya safari, hasa kama kuna wazee na watoto.

*Kurudi.* Saa ya kuondoka iwe imeandikwa kwenye makubaliano na mwenye gari, pamoja na malipo ya kusubiri ikiwa mashindano yatachelewa. Mashindano ya majini huchelewa mara kwa mara, upepo ukikataa.

*Inawafaa nani.* Kikundi cha watu 10 hadi 13 wanaofahamiana, wenye mweka hazina asiyeona haya kudai, na wanaotaka safari yenyewe iwe sehemu ya raha. Mkizidi 14, basi dogo la viti 33 linafuata mantiki hiyo hiyo, ila hatari ya viti vitupu inaongezeka maradufu.

2. Msafara wa magari yenu

*Saa ya kufika.* Uzuri wake mkubwa uko hapa, na wengi hawauoni: si lazima wote muondoke pamoja. Mwalimu anayetoka kazini Ijumaa saa tisa anaweza kuwa Kisumu kabla ya usiku mkubwa, na mfanyabiashara anayefunga duka saa mbili akaja Jumamosi kukipambazuka. Aliyetangulia anashika nafasi nzuri ufukweni na kuwapigia wengine kuwaambia maji yakoje. Mkiamua kwenda pamoja, mwendo ni wa gari la mwisho. Kubalianeni vituo vya kukutana, kwa mfano kituo cha mafuta mjini Kericho na kingine Ahero, kila dereva aendeshe kwa mwendo wake kati ya vituo hivyo. Kumfukuzia mwenzako nyuma ya malori ili msiachane ndiko kunakoua watu katika misafara.

*Gharama.* Gari dogo linalokula lita moja kwa kilomita 12 linahitaji karibu lita 31 kwenda na kurudi. Wakiwa wanne ndani, ni lita 8 hivi kila mtu, zaidi ya mara mbili ya mafuta ya nissan. Hakuna ujira wa dereva wala hesabu ya siku, kwa hiyo jumla huweza kukaribiana. Lakini mwenye gari anabeba na tairi, breki na sevisi. Naona si haki abiria kuchanga mafuta peke yake kisha kumshukuru kwa mdomo. Alipiwe chakula, au kitanda, au mafuta yake asichange kabisa.

*Usalama na karatasi.* Bima ya gari la kibinafsi haimlindi mwenye gari anayetoza nauli. Marafiki kuchangia mafuta ni jambo moja. Kutangaza viti kwa watu msiowajua na kuwatoza ni biashara, na siku ya ajali kampuni ya bima itauliza.

Dereva asiyeizoea njia hii huishuka kwa breki. Kuanzia Mau Summit, na tena kutoka Kericho kuelekea Awasi, ashuke kwa gia ndogo, injini ishike gari, breki zibaki baridi. Gari la otomatiki nalo lina nafasi ya gia ndogo, na asiyejua ilipo ajifunze kabla ya safari. Kwenye ukungu taa ziwe za chini. Kila gari liwe na madereva wawili wenye leseni, maana tofauti na dereva wa nissan, huyu wa kwenu atasimama juani kutwa akitazama mchezo pamoja nanyi, kisha atarajiwe kuwarudisha kilomita 185. Anayeendesha jioni asiguse pombe mchana. Hili liamuliwe asubuhi, mbele ya wote.

*Mizigo na uhuru.* Hapa hakuna mshindani. Watoto wanaohitaji kusimama kila mara, bibi asiyeweza kukaa amebanwa, mchezaji mwenye suti yake ya maji, kamba na jaketi la kuokolea maisha: wote wanapata nafasi. Mnaporudi mnapakia mchele wa Ahero na samaki bila kumwomba mtu ruhusa.

*Kurudi.* Aliye na dharura anarudi mapema, anayetaka kubaki anabaki. Hakuna anayemshikilia mwingine.

*Inawafaa nani.* Familia, vikundi vya watu 4 hadi 8, na wanaoshiriki mashindano wenyewe wakiwa na vifaa.

3. Kila mtu na tiketi yake steji

*Saa ya kufika.* Magari ya sacco, yaani vyama vya wenye matatu, huondoka yakijaa. Alfajiri huenda likajaa kwa dakika ishirini au kwa saa nzima, na hakuna wa kumlaumu. Kwa mashindano ya asubuhi njia hii inafaa tu ukisafiri siku ya kabla. Kwa mbio za tanga za alasiri inatosha kabisa: ukiwa steji saa kumi na mbili asubuhi, una nafasi ya kufika, kula na kushuka Dunga kwa tuk-tuk kabla ya upepo.

*Gharama.* Kila mtu analipa yake na hakuna kiti kitupu cha kubeba. Hii ndiyo njia pekee ambayo mtu akijitoa usiku wa mwisho haumizi mwingine. Nauli lakini haikai mahali pamoja. Sikukuu na wikendi ndefu hupanda, na ya kurudi inaweza kuzidi ya kwenda. Wekeni akiba kidogo juu ya nauli ya kawaida.

*Usalama na karatasi.* Dereva anaijua njia kona kwa kona, na gari linasimamiwa na sacco. Usichoweza ni kumchagua. Unachoweza ni kukataa kupanda gari lililozidisha abiria, kufunga mkanda, na kusafiri mchana. Mwanamke anayekwenda peke yake kukutana na kikundi atume namba ya gari kwa mwenzake kabla halijaondoka, na kikundi kimpe mtu wa kumpokea atakaposhuka.

*Mizigo na uhuru.* Begi moja la mgongoni. Zaidi ya hapo utalipia au utapakata. Gari linasimama dereva anapotaka.

*Kurudi.* Hapa ndipo njia hii inapochosha. Jumapili alasiri watu wengi wanatoka Kisumu kwa wakati mmoja, na kikundi cha watu 10 hakipati gari moja. Kateni tiketi za kurudi mnapofika, au rudini Jumapili asubuhi.

*Inawafaa nani.* Vijana, wanafunzi, watu wanaotoka sehemu tofauti za kaunti, na kikundi ambacho bado hakijaaminiana kwa pesa.

4. Treni

Reli hii ilifika Kisumu mwaka 1901, na treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilirejea Desemba 2021 baada ya ukarabati wa kilomita 217 kati ya Nakuru na Kisumu. Inapita Njoro, Molo, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni na Kibos, nchi nzuri ambayo mtu wa barabara haioni, ingawa nyingi utaipita usiku. Treni inayotoka Nairobi jioni huipita Nakuru usiku na kufika Kisumu asubuhi.

*Saa ya kufika.* Si ya kutegemea kwa zamu za mapema. Kwa mashindano ya siku mbili au ya alasiri ni sawa. Kabla ya kuchanga chochote, nendeni stesheni ya Nakuru mthibitishe kwamba ipo wikendi hiyo.

*Gharama.* Daraja la kawaida ni nafuu, na usiku ule ndani ya behewa unaokoa kitanda kimoja.

*Usalama na karatasi.* Hakuna malori ya Salgaa, hakuna dereva wa kumwangalia. Kinachobaki ni kulinda mizigo wakati wa kulala: mkae pamoja, mpeane zamu.

*Mizigo na uhuru.* Nafasi ni kubwa kuliko nissan, na mtoto anaweza kutembea. Kusimama njiani sahau.

*Kurudi.* Mtashuka Nakuru usiku. Panga nani anawapokea kina mama na watoto stesheni.

*Inawafaa nani.* Wasio na haraka, wenye watoto wanaopenda safari, na yeyote anayeogopa barabara ile kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Kama mashindano yako Mbita

Hapo hesabu yote inabadilika. Msiende Kisumu. Kutoka Kericho shikeni njia ya Kapsoit hadi Sondu, kisha Oyugis, Homa Bay na Mbita, na kama ni kisiwani Rusinga mnavuka daraja. Treni inatoka kwenye orodha, na steji inakuwa magari mawili au matatu ya kubadilisha. Zinabaki nissan na magari yenu, na kulala huko si jambo la kujadili. Walio tayari Kisumu wana njia ya pili ya kupita Bondo hadi Luanda K'Otieno na kuvuka kwa feri, lakini waulize saa za feri kabla ya kuondoka mjini. Ukiikosa, siku imekwenda.

Kwa hali yenu

Mashindano yakiwa ya asubuhi na ninyi ni zaidi ya tisa, nissan ya kukodi inayoondoka Jumamosi mchana, mkalala Kisumu na kushuka ziwani Jumapili saa kumi na mbili na nusu, itawapa maji matulivu na dereva aliyelala. Mkiwa wachache, au kuna watoto wadogo, magari yenu mawili yatafanya kazi hiyo hiyo bila mabishano ya viti.

Ikiwa ni mbio za tanga, msiharakie. Steji ya alfajiri inatosha, na pesa mnazookoa kwa kutolala Kisumu usiku wa kabla mzitumie kwa samaki wa kukaanga na ugali pale ufukweni. Wasiwasi wenu uwe wa kurudi tu.

Kikundi kisichojua bado nani atakuja kweli, mara ya kwanza kiende kwa steji. Safari moja itawaonyesha wanaotimiza ahadi, na ya pili mtaweza kukodi gari mkijua idadi. Wenye mgonjwa, mjamzito au mzee wasishawishiwe na bei. Gari la kibinafsi, kusimama mara mbili, mchana.

Mchezaji anayeshiriki asisafiri asubuhi ya zamu yake kwa usafiri wowote ule. Miguu iliyokunjwa saa nne haiko tayari kukanyaga maji kwa kilomita 57 kwa saa. Afike siku ya kabla, hata kama kikundi kizima kinakuja kesho yake.

Na kwa wote wanaorudi kwa barabara siku hiyo hiyo: Kericho hunyesha alasiri, mara nyingine kwa mvua ya mawe, na ukungu wa Londiani hufuata. Ondokeni ziwani kabla ya saa nane mchana, hata kama fainali haijaisha, ili Mau Summit mwipite mkiwa bado mnaona barabara. Kama fainali ni ya lazima kwenu, lipieni usiku mwingine Kisumu na mwondoke Jumatatu kukishakucha.